Kumi na Moja Kati ya Arobaini

Mume wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ugonjwa wa walimu wa Kiswahili hauna dawa. Ukimwambia chai imepoa, atakuuliza kama imepoa au imepozwa. Amefundisha insha miaka thelathini na mmoja, amesahihisha mitihani ya taifa mara tisa, na siku alipoagwa alirudi nyumbani na saa ya ukutani, blanketi, na boksi zima la kalamu nyekundu ambalo shule ilisahau kumnyang'anya. Jina lake ni Walubengo, lakini hapa Kisumu, kuanzia Migosi tunakokaa hadi soko la Kibuye ninakouza nguo za mitumba, watu wote humwita Mwalimu. Mimi pia humwita Mwalimu. Nikimwita Walubengo anajua kuna maneno.

Baada ya kustaafu alifungua saiba nyuma ya kibanda changu pale Kibuye: chumba cha mabati, kompyuta mbili, printa yenye kikohozi, na benchi la wateja. Alichapa barua za kuomba kazi na wasifu wa marehemu. Kwenye marehemu alikuwa fundi. Mtu aliyekufa akidaiwa ugomvi na ukoo mzima alitoka kwenye printa akiwa mcheshi, mcha Mungu na mpenda amani, mpaka mjane anauliza kama karatasi zimechanganyika.

Halafu Kanada ikaingia mjini. Mwaka ule kila mtu alikuwa na binamu aliyepata visa ya kutembea, akashuka kwenye ndege na kusema anaomba hifadhi. Wa kwanza kuja saibani alikuwa Gordon, kijana mwenye digrii ya takwimu aliyekuwa akiuza miwa kando ya barabara pale Otonglo.

"Mwalimu, nataka unitengenezee stori ya ukimbizi," akasema.

"Unakimbia nini?"

Gordon akawaza. "Nakimbia kukaa tu."

Huzaifa, fundi wa simu ambaye meza yake iko mlangoni mwa saiba, alicheka mpaka skrubu zikamwanguka. Huzaifa ni mtu wa kusoma kila kitu. Akatoa simu, akatafuta, akatusomea kwa sauti kwamba mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu yenye msingi kwamba atateswa kwa sababu ya rangi au kabila lake, dini yake, uraia wake, maoni yake ya kisiasa, au kwa kuwa ni wa kundi fulani la kijamii, na ambaye serikali yake haiwezi au haitaki kumlinda.

"Na njaa?" nikauliza.

Akapandisha ukurasa, akaushusha. "Njaa haimo, Mama Elsie."

"Angalia tena."

"Haimo. Kukosa kazi pia haimo."

Ilinikera na bado inanikera. Mtu asome miaka kumi na sita auze miwa, halafu aambiwe shida yake haina kisanduku kwenye fomu. Lakini Mwalimu hakukereka hata kidogo. Alikuwa amekwisha vuta karatasi.

"Siasa," akasema. "Dini ina mahubiri mengi, kabila lina historia ndefu. Siasa ndiyo yenye matukio. Kuna umati, kuna moshi, kuna kukimbia."

Akaiandika kwa Kiswahili. Gordon alipouliza kwa nini isiwe Kiingereza, Mwalimu alimjibu kwamba mkimbizi mwenye Kiingereza kizuri ataonekana hana shida, na kwamba huko Kanada wako wafasiri wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kisha akatusomea mwanzo, miwani ikiwa puani: "Siku hiyo, majogoo wakishindana kuwika na umande ukiwa bado umelala majanini, nilizinduka kitandani huku moyo ukinidunda mithili ya ngoma ya harusi." Gordon anakaa ghorofa ya nne. Jogoo wa karibu yuko kwenye friza. Lakini ilisomeka vizuri, na nitasema ukweli, nilijivunia mume wangu.

Gordon alikaririshwa hadithi yake palepale kwenye benchi, kama mtoto wa darasa la nane, akapewa thelathini na sita kati ya arobaini. Akaondoka nayo. Baada yake alikuja Brandon, halafu Shitanda, kinyozi wa miaka hamsini asiyeogopa chochote duniani ila mke wake, ambaye Mwalimu alimfanya kiongozi wa wanafunzi. Wote waliamshwa na majogoo walewale. Nilipomwambia Mwalimu kwamba majogoo wamezidi, akaniambia mwanzo mzuri haubadilishwi.

Sasa nieleze habari za Dolphine.

Dolphine alikuwa jirani yetu Migosi, ukuta kwa ukuta. Alishona sare za shule kwenye cherehani iliyokuwa barazani, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, wa kukusalimu huku anatafuta sindano. Mumewe ni polisi. Ploti nzima humwita Afande, na mimi jina lake sitaliandika hapa. Ni mtu wa kucheka na watoto na kuwanunulia biskuti. Nyumba zetu zilijengwa na mtu mwenye haraka, kuta ni nyembamba, na mimi ni mpenzi mkubwa wa redio.

Jumapili moja adhuhuri alitoka nje akiwa ameshika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akasimama mlangoni kwangu. Hakulia. Alisema, "Mama, mkono umekataa." Nilimpeleka hospitali, nikakaa naye mpaka akafungwa plasta. Kutoka hapo alisisitiza twende kituoni, nami nikamngojea nje. Alipotoka alikuwa na namba ya kitabu cha matukio, ile tunayoiita OB, imeandikwa kwenye kipande cha gazeti. Jioni hiyo Afande alikuwa ameshajua.

Mwaka uliofuata, binamu yake Valarie, aliye Toronto, alimwalika kwenye harusi. Mwaliko ulikuwa wa kweli na harusi ilikuwa ya kweli. Afande alikuwa kwenye mafunzo ya miezi miwili nje ya mji, na visa ikatoka. Ndipo Dolphine akaja saibani na karatasi moja aliyoichana kwenye daftari la vipimo vya wateja.

"Mwalimu, nimeandika yangu. Unisaidie kuangalia tu kama iko sawa."

Laiti angempa mtu mwingine yeyote. Mwalimu akatoa kalamu nyekundu.

Karatasi yenyewe naijua kwa moyo. Ilisema hivi: "Naitwa Dolphine. Bwanangu ni polisi. Ananipiga tangu 2019. Tarehe 13/3/2022 alinivunja mkono wa kushoto na kitako cha bunduki. Nilienda kituo nikapewa OB 27/13/3/2022. Yule aliandika alimpigia bwanangu simu nikiwa bado hapo. Mwezi wa nne nikaenda Homa Bay kwa dada yangu. Siku ya tatu alikuja na gari ya kazi. Alisema hakuna mahali Kenya nitajificha asinipate. Mimi naamini."

Mwalimu alisahihisha kwa dakika kumi. Kwenye "gari ya kazi" aliweka duara na kuandika pembeni: gari LA kazi, upatanisho! Tarehe na namba ya OB alizikata kwa mstari mzito na kuandika: tarakimu haziruhusiwi katika insha, andika kwa maneno. Juu aliandika: mwanzo hauna mvuto. Chini, pale palipoandikwa "Mimi naamini," aliandika: hitimisho liko wapi? Kisha akaijumlisha, akazungushia alama. Kumi na moja kati ya arobaini.

"Dolphine," akamwambia kwa upole, maana ni mtu mpole, "hii haitakufikisha hata uwanja wa ndege. Mume kumpiga mke? Watasema ni mambo ya nyumbani. Watakwambia urudi mkae na wazee."

Huzaifa akaingiza kichwa. "Mwalimu, na ile ya kundi fulani la kijamii?"

"Hilo ni kundi la kijamii," akajibu Mwalimu. "Kikundi. Chama cha akina mama, kilichosajiliwa, chenye mwenyekiti na mweka hazina. Dolphine, wewe uko kwenye chama?"

"Nilitoka. Alikataa nikae kwa mikutano."

"Basi unaona."

Na sisi sote tukaona. Mwanamke aliyetolewa kwenye chama kwa kipigo alikosa hifadhi kwa sababu hayuko kwenye chama, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua tunachosema. Jioni ile Dolphine alipewa majogoo. Akapewa mkutano wa kisiasa aliokuwa ameuandaa, wahuni wenye mapanga, moshi, na usiku wa kujificha kwenye matete ya ziwa. Mimi nikashauri kuwe na mbwa. Ndiyo, mbwa walikuwa wangu.

"Lakini Mwalimu, mimi sijawahi kuenda mkutano hata mmoja," akasema Dolphine.

"Umeshaenda," akasema Mwalimu, akabonyeza printa.

Alikariri siku nne. Alipata thelathini na nane, alama ambayo Mwalimu hakuwahi kumpa mtu tangu astaafu. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu, akiwa na begi dogo na mkasi wake wa kushonea ambao walimnyang'anya pale kwenye ukaguzi. Huo ndio uliomliza.

Afande aliporudi kutoka mafunzo hakupiga kelele. Alianza kupita Kibuye. Husimama mbele ya kibanda changu, hushika kola ya shati hili, huangalia mshono wa suruali ile, hanunui. "Mama Elsie, rafiki yako anarudi lini?" Namwambia sijui. "Atarudi tu," husema. "Huko hurudishwa. Mimi niko." Kisha huikunja ile nguo vizuri, vizuri kuliko alivyoikuta, na kwenda zake. Nguo aliyoishika siiuzi siku hiyo.

Ilipita karibu mwaka. Mchana mmoja Dolphine akapiga simu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipandisha sauti.

"Mama, majogoo yamenimaliza!"

Mambo yalikuwa hivi. Wanasheria wa msaada wa kule walimpa mfasiri, mzee mmoja wa kwetu aliyeishi Toronto miaka mingi. Mzee alipoanza kutafsiri karatasi ya Dolphine alifika kwenye umande, akaweka kalamu chini. Akasema majogoo hawa ameshawatafsiri mara tatu, na mara moja waliwika katikati ya jiji la Mombasa. Mwanasheria akatoa mafaili. Neno kwa neno. Faili moja lilikuwa la Gordon wetu, ambaye alikuwa amekataliwa mwezi uliopita. Alipoulizwa ilikuwaje, alianza na majogoo, akakatizwa na swali kuhusu jina la mtaa, na hakuweza kuendelea mpaka arudi mwanzo kwenye majogoo. Walimwacha arudie mara mbili kwa heshima.

"Mwanasheria amenikalia mbele akaniuliza, Dolphine, hii ni yako? Nikasema hapana. Akaniuliza, yako ni gani? Nikamwambia ile ya mkono. Mama, alinisikiza saa mbili. Akasema hiyo ndiyo hasa. Akasema ningesema hiyo tangu mwanzo singekuwa na shida."

"Na kundi la kijamii?" nikauliza, maana lilikuwa limenikaa rohoni. "Wewe huna chama."

Akaniambia alichoambiwa. Kwamba wanawake wanaopigwa na waume, ambao wakienda kwa serikali serikali inampigia mume simu, hao ni kundi. Hakuna mwenyekiti wala cheti. Nilikaa chini juu ya robota la nguo. Kumbe nimekuwa nikisimama mlangoni mwa kundi hilo tangu nizaliwe, na hakuna aliyewahi kuniita kwenye mkutano.

Lakini sasa kulikuwa na shida. Fomu ya uongo, aliyoijaza aliposhuka kwenye ndege, ilikuwa imeshafika mezani na jina lake limo. Angeweza kuirekebisha kabla ya kusikizwa, lakini mwamuzi angeuliza: mbona usadikiwe hadithi ya pili baada ya kuleta ya kwanza? Mtu aliyekamatwa na uongo huonekana anajaribu mwingine. Akikataliwa, atarudishwa Kenya. Na Kenya yuko nani, nilikuwa namwona kila Alhamisi akikunja shati.

"Mwanasheria anauliza kama kuna kitu chochote kinaonyesha nilisema ukweli kabla ya ile ya majogoo," akasema Dolphine. "Kitu chochote, Mama, na kikipatikana kisiguswe."

Nilikata simu, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikasimama mlangoni mwa saiba.

"Walubengo," nikasema.

Akainuka.

Ubaya mmoja wa walimu ni kwamba hawatupi karatasi, na siku hiyo niliushukuru. Tulipekua maboksi mawili ya nakala alizosahihisha. Ilikuwa kati ya hotuba ya harusi na insha ya Shitanda: karatasi ya daftari la vipimo, upande mmoja kiuno na bega la mtoto wa mtu, upande wa pili maisha ya Dolphine yamejaa wino mwekundu. Na pembeni, kwa kuwa Mwalimu hasahihishi bila kuweka tarehe na sahihi, palikuwa na tarehe na sahihi. Siku sita kabla ya ndege.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama. Nilimwangalia akifika chini, kwenye "Mimi naamini," na lile swali lake la hitimisho liko wapi. Akavua miwani. Mkono ukaenda kwenye kalamu, nadhani alitaka kufuta ile alama, au aipandishe, sijui.

"Usiguse," nikamwambia. "Mwanasheria amesema isiguswe."

Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona ameketi. "Mama Elsie, nilimpa kumi na moja," akasema.

Alitakiwa aandike barua ya kukiri kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa yake. Rasimu ya kwanza ilianza na mawimbi ya Ziwa Viktoria. Ya pili ilianza na majuto, nayo majuto aliyafananisha na vitu vitatu. Ya tatu nilimwandikisha mimi, nikiwa nimesimama nyuma yake na mkono kiunoni: "Mimi ndiye niliyetunga hadithi ya kwanza. Dolphine aliniletea ukweli kwa mkono wake. Niliukataa." Alitaka kuongeza neno moja tu mbele ya kukataa. Nikamkatalia.

Mimi nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, hospitali, kutafuta rekodi ya mkono. Ilipatikana siku ya tatu, tarehe ileile ambayo Mwalimu aliipiga mstari kwa sababu ilikuwa tarakimu. Ya pili, kuandika barua yangu kama jirani. Hiyo niliiandika mwenyewe, sikutaka msaada. Niliandika kwamba nilikuwa nikisikia Dolphine akipigwa, na kwamba mara nyingi nilikimbia kwenda kugonga mlango wao. Mwalimu aliisoma, akaichapa kama ilivyo. Hakuweka alama yoyote nyekundu. Nilidhani amekoma kusahihisha.

Siku ya kusikizwa, saa tatu asubuhi ya Toronto ilikuwa saa kumi alasiri ya Kibuye. Huzaifa alituwekea mtandao wa meza yake ili usikatike. Kwenye kioo cha kompyuta walikuwepo mwamuzi, aliyekuwa mama mwenye mvi na kikombe, mwanasheria, mfasiri mzee, na Dolphine amevaa sweta kubwa. Tukaambiwa shahidi mmoja akizungumza mwingine asisikie, kwa hiyo nilitolewa nje. Saiba ni ya mabati. Nilikaa juu ya robota langu na kusikia kila neno, kazi ambayo nina uzoefu nayo.

Mwamuzi alimuuliza Mwalimu kama alama nyekundu ni zake. Akasema ni zake. Akamuuliza mbona alimpa mtu aliyevunjwa mkono alama kumi na moja.

"Hakupamba," Mwalimu akajibu.

Mfasiri akatafuta neno, akakosa. Akamwuliza Mwalimu anamaanisha nini.

"Aliandika yaliyotokea, basi. Nilidhani ukweli wake hautoshi. Mheshimiwa, mimi ni mwalimu. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja kwamba ukiandika yaliyotokea utaanguka."

Nilisikia kiti kikisogea. Mwalimu akatoka akiwa na macho mekundu, akanipisha, na tulipopishana mlangoni akanishika kiwiko. Nikadhani ananitia moyo.

Mwamuzi alikuwa na barua yangu mbele yake. Akaniuliza nimekaa jirani na Dolphine muda gani. Nikasema miaka minne. Akaniuliza kuhusu ile Jumapili, nikaeleza vizuri, plasta, kituo, kipande cha gazeti. Nilikuwa naendelea vyema. Kisha akasema, kupitia mfasiri:

"Umeandika kwamba mara nyingi ulikimbia kugonga mlango. Mara ngapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na jibu, nililiandaa tangu asubuhi: mara nne au tano. Na pale kwenye kona ya kioo Dolphine alikuwa ananitazama. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa mlango. Yeye alijua mara ngapi.

Ndipo nikaelewa kiwiko. Mwalimu alikuwa ameyaona mapambo yangu tangu siku ya kwanza, na hakuthubutu tena kumsahihisha mtu.

"Hata mara moja," nikasema.

Mfasiri aliniangalia kabla ya kutafsiri. Mwanasheria akainua kichwa.

"Ulikuwa unasikia?" mwamuzi akauliza.

"Nilikuwa nasikia. Ukuta ni mwembamba."

"Kwa muda gani?"

"Miaka yote."

"Na ulipokuwa unasikia, ulifanya nini?"

Nje, muuza vikombe alikuwa akivigonga kuita wateja. Nilitamani aendelee.

"Niliongeza sauti ya redio," nikasema.

Hakuniuliza jingine. Alinishukuru, na kioo kikawa cheusi upande wetu. Nilimwambia Mwalimu nimeharibu kila kitu, nimejiita mwongo mbele ya Kanada. Nililia palepale saibani, Huzaifa akasimama mlangoni kuzuia wateja, na Mwalimu akanipa karatasi ya printa kupangusa uso. Wiki tatu sikulala vizuri. Alhamisi zote tatu Afande alikuja, akashika nguo, akauliza, akaondoka.

Uamuzi ulifika kwa Dolphine siku ya Jumanne. Alinisomea kwa simu, kwa Kiswahili chake, akichukua muda. Kwamba hadithi ya kwanza ilikuwa uongo na mwamuzi hakuipenda. Kwamba karatasi yenye wino mwekundu inaonyesha ukweli ulitangulia. Kwamba hospitali na tarehe vinakubaliana. Na kwamba anamwamini shahidi jirani, kwa kuwa mtu hatungi jambo la kujiaibisha hivyo. Dolphine ana hofu yenye msingi, ni wa kundi, na serikali yake haikumlinda. Amekubaliwa.

Nilipiga kigelegele, Kibuye ikageuka kunitazama. Mwalimu aliichukua simu, akamwambia hongera, akanirudishia. Siku hiyohiyo alibandika karatasi mlangoni, kwa herufi kubwa: HAPA HATUANDIKI UKIMBIZI. Gordon, aliyekuwa amesharudi Otonglo kwenye miwa yake, alipita akaisoma, akasema angalau herufi zimepangika.

Lakini kabla ya Dolphine kukata simu, nilisikia cherehani ya mtu ikienda nyuma yake.

"Mama Elsie," akasema. "Siku ile ya kesi sikutaka kukuuliza mbele ya watu. Kwani ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, Dolphine."

"Aa," akasema. Hakukuwa na hasira ndani yake, na ningependa ingekuwepo. "Mimi nilidhani mnapenda tu nyimbo."